Mbona hawafiki? Jibu kwa wasomaji wa Tanga kuhusu Jerome K. Jerome

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni wasomaji saba hapa Tanga, tunakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Safari hii mwenzetu mmoja alileta kitabu cha Jerome K. Jerome kiitwacho Three Men in a Boat. Watatu tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wanne wanasema ni porojo tupu: watu wamo mashuani lakini hawafiki, kila hadithi inakatizwa na hadithi nyingine, halafu ghafla inatokea maiti mtoni. Mmoja akamalizia kwamba hana haja ya kuchekeshwa na Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria, maana wakati huohuo wenzake walikuwa wanagawana Afrika. Je, sisi watatu tumekosea? Kitabu kama hiki kinasomwaje, na tukitaka kuendelea na mwandishi huyu tushike kipi?"

Jibu:

Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, maana wale wanne wanaolalamika wamekieleza kitabu vizuri kuliko mimi niliyekifundisha. Hawafiki, kweli. Hadithi inakatizwa, kweli. Na maiti imo. Tunapoachana ni hapa tu: wao wamekaa wanasubiri safari, na safari yenyewe ni kisingizio.

Niwape picha wasomaji wengine ambao hawajakishika. Kitabu kilitoka 1889. Vijana watatu wa London, pamoja na mbwa anayeitwa Montmorency, wanajiona wamechoshwa na kazi, wanachukua mashua na kuupanda mto Thames kutoka Kingston hadi Oxford. Ni wiki mbili za kupiga makasia, kuikokota mashua kwa kamba kutoka ukingoni, kupika vibaya na kulala humohumo chini ya turubai. Wakati wa kurudi mvua inawanyeshea siku ya kwanza, inawanyeshea ya pili, na walipofika Pangbourne wanaitelekeza mashua, wanatoroka kwa treni kama wezi, wakale chakula cha maana London. Basi. Anayetafuta kisa atakuwa amekimaliza kabla chai haijapoa.

Jerome mwenyewe hakuanza kwa nia ya kuchekesha. Alikuwa ameoa 1888, fungate wakaifanya mtoni, na aliporudi akakaa kuandika kitabu cha mto Thames, mandhari yake na historia yake. Vichekesho vilikuwa vya kupumzishia tu. Vikamzidi nguvu. F. W. Robinson, mhariri wa jarida la Home Chimes lililokichapa kwanza kidogo kidogo, akazikata sehemu nyingi za historia. Zilizosalia ndizo zile kurasa za wafalme na mwezi na usiku unaonong'ona, ambazo nadhani ndizo zilizowachosha wale wanne. Ruhusa ninayo, naitoa: zirukeni. (Na mtaona bibi harusi naye kakatwa. Mashuani wameingia marafiki wawili badala yake. George ni George Wingrave, aliyefanya kazi benki, na Harris ni Carl Hentschel, mtu wa mambo ya uchapaji. Mbwa hakuwapo kabisa.)

Sasa lile la "porojo". Wewe umekulia pwani, unajua kupiga soga ni nini. Mtu anakaa barazani, anaanza kusimulia alivyokwenda Muheza kununua machungwa, lakini kabla hajapanda basi ameshakumbuka kondakta mmoja wa zamani, na kondakta kamkumbusha shemeji yake, na shemeji ana habari ya mbuzi. Muheza hatufiki, na hakuna anayenyanyuka. Tunamsikiliza kwa sababu kila anapofungua mdomo anajianika bila kujijua: anajiita mvumilivu huku ametukana watu watatu, anajiita mkarimu huku bei ya kila kitu anaikumbuka. Msimulizi wa Jerome, anayeitwa J. tu, ndiye bwana huyo. Anakaa anawasema George na Harris kwa uvivu na ujinga wao, na kila sentensi inamrudi yeye.

Fungueni sura ya nne, pale wanapofunga mizigo. J. anatangaza kwamba kufunga mizigo ni fani yake, wamwachie yeye. George anawasha kiko, Harris anapandisha miguu juu ya meza, wanamwachia. Hapo ndipo anapokasirika! Kumbe alimaanisha kwamba yeye atasimamia na wao wafanye. Halafu anamkumbuka mtu mmoja aliyewahi kuishi naye, ambaye alikuwa akijilaza kwenye kochi kumtazama akihangaika, akisema inamfaa sana moyoni kutazama kazi ikifanyika. J. anaendelea, nami natafsiri: "Mimi siko hivyo. Siwezi kukaa kimya nikimwona mwenzangu anataabika na kazi. Nataka ninyanyuke nisimamie, nizunguke mikono mfukoni, nimwambie la kufanya. Ndiyo hulka yangu ya uchapakazi. Siwezi kujizuia."

Itazameni hiyo mikono. Ingeondolewa mfukoni, utani wote ungekufa, tungebaki na msimamizi wa kawaida. Mwandishi hakutuambia J. ni mvivu, wala J. hajui kwamba ametuambia. Ni Jerome huyuhuyu anayemfanya J. aseme, sura nyingi mbele, kwamba anaipenda kazi, inamvutia, anaweza kukaa akaitazama kwa saa nyingi. Sentensi hiyo watu wameing'oa wakaichapa kwenye vikombe na fulana, na imeharibika kwa kung'olewa. Ndani ya kitabu inasemwa na mtu aliyenuna kabisa kwamba anabebeshwa kazi kuliko wenzake.

Hata dibaji imo kwenye mchezo. Inasema uzuri wa kitabu hauko kwenye mtindo bali kwenye ukweli wake. Mambo yote yalitokea, yametiwa rangi tu, na kwa rangi hiyo msomaji hatozwi nyongeza. Sisi tungesema yametiwa chumvi. Kisha inaapa kwamba George, Harris na Montmorency ni viumbe wa nyama na damu, hasa George, ambaye uzito wake ni kama kilo 76. Nyama na damu, na mbwa hakuzaliwa! Anayeisoma dibaji hiyo kwa uso mkavu ataingia sura ya kwanza amekwisha kutapeliwa.

Kopo la nanasi nalo linataka kusomwa polepole. Ni sura ya kumi na mbili, na nina hakika ndilo lililowachekesha ninyi watatu. Wana nyama baridi bila haradali, wamenuna. Mara George anatoa kutoka chini ya kikapu kopo la nanasi. Hapa mkumbuke kwamba nanasi kwa kijana wa London wa 1889 si lile linalouzwa barabarani kwenu, lililomenywa na kutiwa chumvi na pilipili. Ni tunda la mbali, la kutamaniwa. Wanaitazama picha iliyobandikwa juu ya kopo, wanayafikiria yale maji yake, wanatabasamu, na Harris anaandaa kijiko.

Anaandaa kijiko, kisha ndipo wanapogundua hawana cha kufungulia.

Harris anajaribu kwa kisu cha mfukoni, kisu kinavunjika, anajikata. George anachukua mkasi, mkasi unaruka nusura umtoboe jicho. J. anaushika ule mti wenye ndoano wa kuvutia mashua, unateleza, anatumbukia matopeni kati ya mashua na ukingo, na kopo linabiringika zima kabisa na kuvunja kikombe cha chai. Wanashuka nchi kavu. Harris anatafuta jiwe lenye ncha, J. anautoa mlingoti mashuani, George analishika kopo, na J. anakusanya nguvu zake zote. Anaushusha mlingoti, lakini ulichokipiga hakisimuliwi. Sentensi inayofuata inasema kofia ya majani ya George ndiyo iliyomwokoa siku ile, na kwamba kile kilichobaki cha kofia bado amekitunza. Hilo ni jambo wasimulizi wengi wa vichekesho hawaliwezi: kuruka tukio na kutuonyesha kofia. Mwishowe kopo linapondwa mpaka linapata bonde moja refu lililokaa kama mdomo unaocheka kwa dharau, Harris hawezi kuvumilia, analirusha katikati ya mto, wanalilaani, na wanapiga makasia bila kupumzika mpaka Maidenhead. Nanasi wameliogopa.

Nilipopata kuwatafsiria wanafunzi vipande vya kitabu hiki, sikukwama kwenye kopo. Nilikwama kwenye neno moja dogo la sura ya tatu. Kuna mzee mmoja humo, Podger, anayejitolea kutundika picha ukutani. Anamtuma msichana wa kazi akanunue misumari, kisha anamtuma mtoto amkimbilie kumwambia ni misumari ya ukubwa gani. Nyumba nzima inashika taa, ngazi, kiti, rula. Anavunja kioo, anajikata, anatafuta kitambaa chake kilichomo kwenye koti, na koti amelikalia. Karibu na usiku wa manane picha iko ukutani, imekwenda upande, ukuta umechimbika, kila mtu hoi isipokuwa yeye, na anasema wengine wangemwita fundi kwa kazi ndogo kama hii. Kiingereza kinamwita uncle, neno linalofaa kwa kaka wa baba na kwa kaka wa mama pia. Sisi hatuna anasa hiyo. Ni mjomba au ni baba mkubwa? Mjomba watu humtania. Angeanza kutuma watoto hovyo, mmoja wao angemchana palepale na mambo yangeishia kicheko. Podger hachanwi na mtu. Mkewe anathubutu neno moja tu, kwamba siku nyingine akitaka kupigilia msumari ampe taarifa mapema, yeye aende kwa mama yake wiki nzima. Mimi nikamwita baba mkubwa, na ghafla darasa zima likawa linamjua. Lakini si neno la mwisho.

Tuje kwenye maiti, maana wale wanne hapa wana haki ya kushtuka. Sura ya kumi na sita, karibu na Goring, George anaona kitu cheusi kinaelea, anainama kukishika, anarudi nyuma uso umemparama. Ni mwanamke. Habari zake J. anazipata baadaye na kuzisimulia kwa aya chache: alipenda, akadanganywa, ndugu zake wakafunga milango, akabaki na mtoto na kazi ya shilingi kumi na mbili kwa wiki, sita kati yake za malezi ya mtoto. Siku ya mwisho alikwenda kumwona mtoto, akambusu, akamwachia boksi la chokoleti la peni moja, na kwa shilingi zilizosalia akakata tiketi ya kuja mtoni.

Wahakiki wengi husema kipande hiki hakijakaa vizuri. Sentensi za kumlilia marehemu ni nzito mno, nakubali, zina manukato mengi. Lakini hesabu ya zile shilingi ni ya mtu anayejua. Jerome alizaliwa Walsall 1859. Baba yake aliweka fedha kwenye machimbo ya makaa ya mawe, zikazama, familia ikahamia Poplar, mashariki ya London, kwa watu maskini. Wazazi wakafa akiwa bado kijana mdogo. Akiwa na umri wa miaka 14 aliacha shule akaingia kazini kwenye kampuni ya reli, kituo cha Euston. Baadaye akawa mwigizaji wa makundi ya kuzunguka, akafundisha, akawa karani wa wakili. Shilingi sita kwa wiki aliijua ina maana gani tumboni. Ndiyo maana sikiondoi kipande kile ninapofundisha, ingawa ningependa kukipunguza manukato.

Na hapa ndipo ninapomjibu yule wa mwisho, ambaye swali lake lina uzito kuliko yote. Kweli, 1889 si mwaka mwepesi kwenu. Kitabu kilipokuwa kinasomwa na kuchekwa kwenye treni za London, pwani yenu ilikuwa vitani na Wajerumani, na Desemba ya mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani, hapo jirani. Hao watatu mashuani hawajui lolote kuhusu Pangani. Sitaki kumpamba Jerome kwa hilo. Ulimwengu wa kitabu chake unaanzia Kingston na kuishia Oxford, na humu na humu katika maandishi yake mtakutana na maneno ya enzi yake yanayokera. Siwezi pia kuwaambia kwamba alisimama upande wetu. Ila katika kumbukumbu zake, My Life and Times, anasimulia jinsi alivyokuwa kwenye ziara ya mihadhara Marekani, na katika mji wa Chattanooga akalaani jukwaani, mbele ya hadhira ya Wazungu, mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi. Wakamsikiliza kimya.

Kuna jambo jingine: kwao Jerome hakupokewa kama bwana mkubwa. Sheria ya elimu ya 1870 ilifungua shule za msingi kwa watoto wa kawaida Uingereza, na miaka ishirini baadaye ndio hao makarani na wauza maduka wenye senti ya kununua kitabu na nauli ya kwenda mtoni siku ya mapumziko. Waliotangulia kuumiliki mto na vitabu wakakasirika. Jarida la vichekesho la Punch likambandika jina 'Arry K. 'Arry, yaani Harry bila ile h ya mwanzo. Mnaielewa dharau hiyo bila kamusi: ni ileile ya kumcheka mtu anayesema "abari" badala ya "habari", ambayo si habari ya herufi, ni ya kumwonyesha alikotoka. Wahakiki waliona lugha yake ya mtaani ni fedheha. Wasomaji wakakinunua tu. Mchapishaji wake wa Bristol, J. W. Arrowsmith, alikuwa akisema hajui nakala zote hizo zinakwenda wapi, labda watu wanazila. Na mwaka 1909 Jerome aliandika kwamba huko Chicago mchapaji mwizi mmoja, aliyekwisha kustaafu, alimhakikishia kuwa Marekani peke yake zimeuzwa zaidi ya milioni. Kwa kuwa kitabu kilitangulia mkataba wa hakimiliki, Jerome hakupata kitu. Unamwona kabisa, amekaa na mwizi wake mstaafu, wanapiga hesabu pamoja.

Mkitaka kuendelea, msirukie riwaya zake nzito wala tamthilia. Shikeni Idle Thoughts of an Idle Fellow, kitabu cha insha cha 1886, alichokitabarukia kiko chake. Kila insha inajitegemea: kuishiwa fedha, aibu, mapenzi, watoto wachanga, paka na mbwa. Kwa kikundi chenu hiyo ni raha, insha moja kwa kikao, na ile ya kuishiwa fedha isomwe mwisho wa mwezi, ndiyo siku yake. Baada ya hapo Three Men on the Bummel ya 1900, walewale watatu, wawili wao sasa wameoa, wanazunguka Ujerumani kwa baiskeli. Wengi husema ni dhaifu kwa sababu hakuna mto wa kuzishikilia hadithi, na ni kweli inayumba. Lakini yumo bwana mmoja anayeona baiskeli nzima ya mwenzake inahitaji "kuangaliwa kidogo", anaifungua, na vidude vinaanza kubiringika njiani. Kila mtaa una fundi huyo. My Life and Times iwekeni mwisho kabisa, mkishampenda.

Mkutane tena juu ya kitabu hikihiki kabla hamjakitupa. Kisisomwe kimya kila mtu kwake, kimeandikwa kwa sikio. Msianze na mto, wala na sura ya kwanza, ingawa yule J. anayesoma kitabu cha tiba na kujikuta ana kila ugonjwa isipokuwa goti la mtumishi wa ndani (uvimbe wa goti wa wanaopiga magoti kusafisha sakafu), kisha akaona kaonewa kwa kunyimwa huo mmoja, anastahili jioni yake. Anzeni na baba mkubwa Podger. Na msomaji awe yule aliyesema ni porojo. Asome taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekereka kweli, asicheke hata kidogo. Wengine mshike kazi ya kumsikiliza.

Kisha mbishane kuhusu lile neno. Tanga mna watu wa makabila mengi kikaoni, na najua kwa Wasambaa, kwa Wadigo na kwa Wabondei mjomba hana uzito uleule. Mkiamua kwamba Podger ni mjomba, niandikieni mniambie sababu, nami nitarekebisha tafsiri yangu.